Darasa la Awali na Mwalimu Anayelistahili



Maudhui niliyokabidhiwa ni namna shule inavyompokea mtoto wa miaka minne au mitano anapoingia mlangoni kwa mara ya kwanza. Na ningependa kuitaja dhati ya hoja yangu tangu sasa, ili asiyeafikiana nami ajue pa kunishika. Nasema kwamba darasa la awali ndilo gumu kuliko madarasa yote ya shule ya msingi, na madhali ni hivyo, ndilo linalostahiki mwalimu hodari kuliko wote, ilhali ada yetu, hapa Masasi kama kule Newala, aghalabu imekuwa kinyume cha hayo.

Nchi hii ya bonde la Lukuledi na uwanda wa Makonde si ngeni kwa shule. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, akawapa makao Masasi. Mwaka 1895 mapadri Wabenediktini wakaweka misheni hapa Lukuledi, na ingawa vita vya Majimaji viliiteketeza mwaka 1905, mafundisho hayakukoma. Akaja Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza dayosisi ya Masasi tangu 1926 hadi 1944, ambaye hakulipiga vita jando la wenyeji bali alilitengenezea nafasi ndani ya kanisa lake. Wako waliomlaumu na wako waliomsifu. Mimi nayaleta haya kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba shule ilishika mizizi katika nchi hii pale ilipokubali kukaa kitako na kuyauliza yale ambayo watu walikwisha kuyajua juu ya malezi.

Walakini jando na unyago vilikuwa vya watoto waliokwisha kupevuka kiasi, na shule ya misheni nayo ilimtaka aliyeweza kushika kalamu. Yule mdogo kuliko hao alikuwa mikononi mwa bibi yake na dada yake, kwa vitendawili na hadithi za jioni, kwa kutumwa moto kwa jirani na kukatazwa kupita mbele ya wakubwa wakizungumza. Na yale yalikuwa mafundisho kamili, yenye taratibu na adabu zake, ijapokuwa hayakuwa na daftari. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ndiyo iliyoingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi wa shule zetu. Sera ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Na mwaka 2016, ada ya shule ilipoondolewa, watoto wakafurika. Kanuni inataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Kila aliyepita katika shule zetu za vijijini anajua jinsi kanuni hiyo isivyofuatwa.

Hebu tuingie darasani. Mwalimu ametandika mkeka, na mbele ya kila mtoto ameweka korosho kumi zenye maganda, kwani katika wilaya hizi hakuna zana ya kufundishia iliyo rahisi kupatikana kuliko hiyo. Anazipanga korosho tano katika mstari uliobanana, na chini yake tano nyingine katika mstari uliobanana vilevile, naye mtoto anakubali kwamba mistari ni sawa. Kisha, mtoto akiangalia, mwalimu anautanua mstari wa chini bila ya kuongeza wala kupunguza kitu, anauliza tena, na mtoto wa miaka minne anajibu pasi na shaka kwamba sasa za chini ni nyingi zaidi. Jean Piaget wa Uswisi aliwatazama watoto wa nchi yake wakijibu vivi hivi, akajua kwamba mtoto huyo hakosei kwa ujinga wala kwa uvivu, bali hesabu yake ingali imefungamana na macho yake. Mwalimu asiyelifahamu jambo hili atakemea, au atamwandikia ubaoni moja hadi ishirini na kumkaririsha mpaka sauti imkauke. Mwalimu anayelifahamu atamwachia korosho zile, azigawe tatu na saba, nne na sita, azifiche nyuma ya mgongo, adaiane na mwenzake, mpaka siku moja atakapocheka mwenyewe na kusema kwamba ni zile zile.

Sasa niambieni, katika walimu hao wawili, ni yupi aliyehitaji kusoma sana? Kukaririsha hakuhitaji ilimu kubwa. Kumngoja mtoto, ukijua unangoja nini, na kutambua kwa jicho moja ni nani amekwisha kuvuka na ni nani bado, hiyo ni kazi ya bingwa. Na Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto huko Roma mwaka 1907 kwa ajili ya watoto wa mafukara, alikuwa daktari wa tiba kabla ya kujishusha hadi kwenye kimo cha mtoto. Nasema kujishusha kwa mujibu wa dunia inavyohesabu. Kwangu mimi alipanda.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Mnamo miaka ya 1980 Waislamu wa Mombasa, waliohuzunika kwa kuwa watoto wao walikuwa wakiachwa nyuma shuleni, waliomba msaada wa Aga Khan, na chini ya uongozi wa Bi Swafiya Said zikaanzishwa shule za awali ndani ya madrasa zenyewe, ambamo wanawake wa mtaa ule ule walifunzwa ualimu, vifaa vilitengenezwa kwa vifuu, mbegu na vitambaa, na wazazi wakawa ndio wenye shule. Mpango huo ukaenea Unguja na Uganda. Siri yake sikuiona katika fedha, ijapokuwa fedha zilihitajika. Niliiona katika kumheshimu mwalimu wa watoto wadogo, kwa kumfunza, kumtembelea na kumfunza tena.

Kuhusu lugha nitasema machache. Kiswahili ndicho lugha ya darasa letu, na kiwe hivyo. Lakini mtoto aliyelelewa na bibi kwa Kimakonde, Kiyao, Kimakua au Kimwera, anapolia siku yake ya kwanza, ajibiwe kwa lugha anayoisikia nyumbani, kisha aongozwe taratibu. Na juu ya maji, choo kinacholingana na kimo chake na kikombe cha uji saa nne, sioni haja ya kuhoji. Mtoto mwenye njaa hahesabu korosho, anazitamani.

Basi nina maombi mawili. La kwanza ni kwenu walimu wakuu: mnapogawa madarasa mwezi Januari, msimpe darasa la awali mwalimu mliyekosa pa kumweka, bali mwiteni aliye bora kwenu, mwambieni mbele ya wenzake kwa nini mmemchagua, na mumwondolee vipindi vya darasa la saba ili asivunjike mgongo. La pili ni kwenu wazazi na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika: fedha ya korosho huingia mikononi mwenu katika miezi ya minada, Oktoba hadi Desemba, na ikifika Februari aghalabu imekwisha. Kaeni katika mkutano wa kijiji kabla ya mnada wa kwanza, mkubaliane ni kiasi gani kila kaya itatoa kwa ajili ya uji na mikeka ya darasa la awali, na kiandikwe katika daftari la kijiji siku ile ile.