Nani anakusanya karatasi? Maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana kuhusu uonevu shuleni

Nimepewa dakika kumi, itifaki mtanisamehe.

Nikiwa kidato cha kwanza, shule ya bweni, sisi njuka tulikuwa tunawafulia na kuwachotea maji kaka zetu wa madarasa ya juu. Ukigoma, unapigwa usiku taa zikizimwa. Siku moja mwalimu akagawa karatasi: andika jina lako, sema kama kuna mtu anakuonea. Aliyezikusanya nani? Kiranja wa bweni, yule yule anayetupiga! Nikaandika "hakuna". Wenzangu karibu wote hivyo hivyo. Jumatatu mstarini tukatangaziwa kwamba shule yetu haina uonevu.

Nyie mnajua maana ya kura ya siri, sihitaji kueleza zaidi.

Sasa hili jambo lina historia. Mwaka 1982, kaskazini mwa Norwei, wavulana watatu walijiua, na ikaonekana kuonewa na wenzao shuleni kulichangia. Mwaka uliofuata serikali ikaanzisha kampeni nchi nzima. Mwanasaikolojia Dan Olweus, wa Bergen, akatengeneza dodoso ambalo mwanafunzi anajaza mwenyewe, bila jina. Kwake uonevu ni kitu cha makusudi, kinachorudiwa, na anayetendewa ni mnyonge mbele ya mtendaji. Watafiti wanaotumia dodoso lake kwa kawaida wanamhesabu aliyeonewa mara mbili au tatu kwa mwezi, au zaidi.

Dodoso la Shirika la Afya Duniani, lililotumika Dar es Salaam mwaka 2006, linauliza tofauti: katika siku 30 zilizopita, ulionewa siku ngapi? Hapo hata siku moja tu inakuingiza kwenye hesabu. Kwa hiyo mtu akikurushia asilimia mtandaoni, kwamba nchi fulani imetuzidi au sisi tumewazidi, muulize kwanza swali liliandikwaje na mstari ulichorwa wapi. Msiwe watu wa kusambaza tu.

Halafu kuna neno lenyewe. Kwetu "kuonewa" ni kupana mno. Mwalimu akikuchapa bila kosa, umeonewa. Refa akikunyima penalti, umeonewa. Trafiki je? Mwaka 2002 Peter Smith na wenzake waliwaonyesha watoto wa nchi 14 michoro ya matukio, wakaona maneno ya lugha mbalimbali hayabebi mambo yale yale: mengine yanaelemea kupiga, mengine yanabeba hata kutengwa. Ndiyo maana mimi napendelea maswali ya matendo. Mwezi huu kuna mwanafunzi aliyekunyang'anya hela? Aliyekupiga? Waliokutenga makusudi? Waliokuchafua kwenye grupu la WhatsApp? Hapo mtoto hahangaiki na maana ya neno, anajibu kilichomtokea.

Na hata dodoso zuri lina matundu. Aliyetoroka shule kwa sababu ya kipigo hayupo darasani siku ya kujaza. Anayepiga wenzake mara nyingi anaita utani. Lakini kinachonisumbua zaidi ni kwamba karatasi isiyo na jina itakwambia wako wangapi, haitakwambia ni nani wa kumsaidia leo usiku. Kwa hilo lazima awepo mtu mzima ambaye mtoto anamwamini, na huyo huwezi kumchapisha kwenye karatasi.

Wengine hapa mnafundisha kwa kujitolea, wengine mna wadogo zenu bweni, na wapo walio kwenye kamati za shule. Shule ikisema imepima, ulizeni: majina yaliandikwa? Mwalimu alikuwa anazunguka kati ya madawati? Karatasi ziliingia kwenye sanduku au mkononi mwa kiranja? Na nani alihesabu?

Haya, maswali. Dada pale nyuma, anza wewe.