Mahindi, Ghala na Bei: Historia ya Upungufu wa Chakula wa 1973–1975 Tanzania

Wasikilizaji, kipindi cha leo kinaangalia upungufu wa nafaka ulioikumba Tanzania kati ya mwaka 1973 na 1975, ambao uliacha alama katika sera za kilimo kwa miongo kadhaa iliyofuata. Wataalamu husema pana usalama wa chakula pale ambapo kila mtu, wakati wote, anaweza kupata chakula cha kutosha na chenye lishe. Kwa maana hiyo, usalama wa chakula hautegemei mavuno peke yake, bali pia hifadhi, usafirishaji na uwezo wa kununua.

Mwaka 1968 serikali iliunda Shirika la Usagishaji la Taifa, maarufu kama NMC, ambalo baadaye lilipewa pia jukumu la kununua nafaka nchi nzima. Mkulima aliuza mahindi yake kwa chama cha msingi cha ushirika, chama kikayapeleka kwenye chama kikuu, na hatimaye shirika likayasaga na kuuza unga mijini kwa bei iliyopangwa na serikali. Mfumo huo ulitegemea mambo mawili, yaani mkulima awe na ziada ya kuuza, na akubali kuiuza kwa bei rasmi.

Ukame wa misimu miwili mfululizo, 1973/74 na 1974/75, uliyatikisa yote mawili. Mahindi yaliyonunuliwa na shirika yalishuka kutoka takriban tani 106,000 msimu wa 1972/73 hadi takriban tani 24,000 msimu wa 1974/75, na serikali ikalazimika kuagiza nafaka kwa wingi katika kipindi ambacho bei za nafaka na za mafuta zilikuwa zimepanda duniani kote, hivyo akiba ya fedha za kigeni ikakauka. Familia nyingi zilianza kula ugali wa mahindi ya njano kutoka nje, yaliyoitwa yanga.

Wanahistoria wametofautiana kuhusu chanzo. Wapo wanaosisitiza ukame. Wengine wanaitaja Operesheni Vijiji, kwa kuwa baada ya Novemba 1973 kuhamia vijijini kulifanywa kuwa lazima, na baadhi ya familia zilihamishwa zikaacha mashamba yao nyuma. Na wengine wanaona kuwa bei ndogo ilikuwa imemvunja moyo mkulima. Hata hivyo, ni vyema kukumbuka kuwa takwimu za ununuzi si takwimu za mavuno, kwani mkulima anayehofia njaa huweka gunia lake ndani, na mwingine humuuzia mlanguzi anayelipa zaidi.

Serikali ilijibu kwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, ikapandisha bei ya mkulima mara kadhaa, na ikaweka bei moja kwa nchi nzima, yaani mkulima wa Songea alilipwa sawa na aliye karibu na Dar es Salaam, bila kujali gharama ya lori. Utaratibu huo uliipa msukumo mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, ambayo ikawa tegemeo la mahindi ya taifa, na kufikia 1978/79 ununuzi ulizidi tani 200,000; lakini gharama ya usafiri ililiangukia shirika, nalo likazama katika madeni.

Tatizo jingine lilizuka ghalani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitambuliwa mkoani Tabora dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati ambaye wakulima walimwita Scania, na ambaye wataalamu wengi wanaamini aliingia pamoja na shehena za mahindi ya kigeni. Urefu wake ni milimita chache tu, lakini hutoboa punje hadi ikabaki vumbi, na hushambulia zaidi mahindi yaliyohifadhiwa kihengeni yakiwa bado kwenye magunzi. Ndiyo maana wakulima walishauriwa kuyapukuchua na kuyachanganya na dawa ya unga kabla ya kuyaweka ghalani.

Wakati huohuo biashara huria ilikuwa ikibisha hodi. Mwaka 1984 kiasi cha nafaka ambacho mtu aliruhusiwa kusafirisha bila kibali kilipandishwa kutoka kilo 30 hadi kilo 500, na mwaka 1987 kikomo hicho kikaondolewa. Jukumu la akiba ya taifa lilitengwa na biashara ya usagishaji, na tangu mwaka 2008 linasimamiwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambao hununua nafaka wakati wa mavuno na kuitoa panapotokea uhaba.

Historia hii inathibitisha kuwa mvua ikikosekana huleta upungufu, lakini ukubwa wa madhara huamuliwa na bei, barabara na ghala. Kwa hiyo, wasikilizaji, kila inapotangazwa kuwa nchi imepata ziada ya mahindi, ni haki ya mwananchi kuuliza ziada hiyo imehifadhiwa wapi na kwa namna gani, na itamfikia mlaji kwa bei gani.