Mcheza Ngoma Mgeni Naye ni Mfanyakazi
Matini ya hotuba kwa wakazi wa kaunti za Kitui na Makueni



Ukambani hakuna anayehitaji kufundishwa thamani ya ngoma. Akina mama wazee wanaopiga kithembe na kucheza kilumi wakati wa kuomba mvua hawachukuliwi kuwa watumbuizaji tu. Wanaheshimiwa. Lakini mcheza ngoma anapotoka ng'ambo, hasa akiwa msichana, heshima hiyo mara nyingi huishia mlangoni. Hotuba hii inawahusu wasanii wa densi kutoka India, Nepal na Pakistan wanaokuja Kenya kutafuta riziki.

Wageni kutoka Bara Hindi si jambo jipya huku. Kati ya mwaka 1896 na 1901, vibarua wapatao 32,000 waliletwa kujenga reli kutoka Mombasa. Takriban 2,500 walifariki kazini na wengine kama 6,700 wakabaki. Makindu ilikuwa kituo chao kikubwa, na hekalu la Wasikh lililojengwa hapo mwaka 1926 bado linampa msafiri chakula bila malipo, awe wa dini gani. Madereva wa malori wanalijua vizuri kuliko ramani yoyote.

Waliobaki walikuja na ngoma zao: bhangra ya Punjab, na garba ya Gujarat inayochezwa kwa kuzunguka duara. Garba iliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2023, kama isukuti ya Waisukha na Waidakho ilivyoingia mwaka 2014. Nao Wakenya wenye asili ya Kiasia walitambuliwa rasmi mnamo Julai 2017 kuwa jamii ya 44 ya nchi hii. Wajukuu wa vibarua wale wanacheza kwenye kumbi zao, wakiwa na jamaa nyuma yao. Mgeni aliyeshuka ndege juzi hana mjomba hapa. Kibali chake, chumba chake na nauli yake ya kurudi viko mikononi mwa aliyemleta.

Hatari iko hapo. Mnamo Aprili 2019, polisi waliwaokoa wasichana 12 kutoka Nepal katika klabu moja ya usiku mjini Mombasa. Walikuwa wameletwa kucheza densi. Hakuna anayedai kwamba hoteli za Kitui mjini, Emali au Mtito Andei zina tatizo hilo. Hata hivyo, barabara inayotoka Mombasa inapita Makueni, na anayeuza chai kando yake huona mengi.

Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010 ni kali: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Kusema kwamba msichana alikubali mwenyewe si utetezi ikiwa alidanganywa au alilazimishwa. Kuna kifungu kingine ambacho wengi hawakijui: aliyelanguliwa hashtakiwi kwa sababu ya kuwa nchini bila kibali halali. Basi jirani asiogope kupiga ripoti akidhani atamfunga maskini wa watu.

Kwa wanaoalika wachezaji harusini au kwenye sherehe, utaratibu si mgumu. Msanii wa kigeni awe na kibali cha kazi, au pasi maalum kwa kazi ya muda mfupi, kutoka Idara ya Uhamiaji. Mapatano yaandikwe kwa lugha anayoielewa: malipo, saa za kazi, malazi. Pesa zake apewe yeye mwenyewe. Pasipoti ikae mfukoni mwake, si kwenye droo ya meneja. Na kabla ya kumrekodi kwa ajili ya biashara, aombwe ruhusa, kwa maana Sheria ya Hakimiliki inamlinda mcheza ngoma kama inavyomlinda mwimbaji. Vikundi vya hapa nyumbani, ambavyo mara nyingi hulipwa soda na makofi, vina haki hiyo hiyo na vifaa kuidai.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la shughuli za utamaduni na burudani ya umma. Kwa hiyo vikao vya wananchi, ambavyo Makueni imevizoea tangu ngazi ya kijiji, ni mahali pafaapo pa kuuliza ukumbi wa umma unakodishwaje na nani anakagua mikataba ya wasanii.

Anayeona mchezaji asiyeruhusiwa kutoka nje, aliyenyang'anywa simu au asiyejua mshahara wake, apige 1195. Akiwa mtoto, namba ni 116. Polisi wanapatikana kwa 999 au 112. Huenda msichana huyo hajui Kiswahili wala Kikamba. Apewe maji, chakula na mahali salama pa kulala, atafutiwe mkalimani, na asiulizwe maswali mbele ya mtu aliyemleta.