Viti Vilivyobaki Wazi

(Mazungumzo ya ibada yaliyotolewa redioni. Somo: 1 Samweli 20:18–27)

Twajua wengine wenu mko jikoni mkingoja chai ichemke, wengine mko njiani, na wengine mmelala kitandani kwa ugonjwa au kwa uzee. Karibuni tukae pamoja kwa muda huu mfupi. Mwenye Biblia na afungue Kitabu cha Kwanza cha Samweli, mlango wa 20, kuanzia mstari wa 18. Asiye nayo asikilize tu, kwa maana habari yenyewe tutaisimulia.

Lakini kabla ya kufika mezani kwa mfalme Sauli, twende kwanza steji ya matatu mjini Embu, mwezi wa Julai mwaka 2020.

Mnaukumbuka mwaka ule. Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Kabla mwezi haujaisha milango ya makanisa ilikuwa imefungwa, na kuanzia tarehe 27 kukawa na kafyu, kila mtu awe nyumbani saa moja jioni. Maziko yaliruhusiwa watu 15 tu. Mwezi wa Mei ndugu yetu mmoja, ambaye tulisoma naye chuo cha theolojia, alimzika mama yake huko Meru, nasi hatukuwako. Tulimpigia simu. Ninyi mnajua kwetu jambo hilo lina uzito gani, mtu kufiwa na mama, nawe usisimame kando ya kaburi hata kutupa gumba la udongo. Basi Rais alipotangaza tarehe 6 Julai kwamba safari za kuingia na kutoka Nairobi zimefunguliwa, na ya kuwa makanisa nayo yataanza kufunguliwa kwa masharti, sisi tuliona wakati umefika. Tukaondoka wawili, mchungaji na mama wa nyumba, kwenda kumpa pole.

Pale steji palikuwa na jerikeni la maji lenye mfereji mdogo, na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba kisiibwe. Makanga alitupima joto kwenye kipaji cha uso, kisha akatupanga. Matatu ya viti 14 ilibeba watu 8. Viti vilivyokatazwa vilipigwa alama ya msalaba kwa utepe. Mama aliwekwa nyuma dirishani, sisi mbele yake, na katikati yetu msalaba. Tulimwambia kijana yule kwamba sisi ni mtu na mkewe, tunalala nyumba moja. Akatujibu, "Pasta, hiyo mtawaambia polisi pale mbele." Tukanyamaza tukakaa kama tulivyopangwa.

Ndugu zangu, safari ile ilikuwa tamu. Wanaopanda matatu barabara ya Embu na Meru wanajua desturi yake: mfuko wa viazi miguuni, kuku chini ya kiti, mtoto wa mtu usiyemjua mapajani pako, na bado makanga anaita abiria. Siku ile tulinyoosha miguu. Tulipita Runyenjes, tukavuka mto Thuci na kuingia Tharaka Nithi, manyunyu ya Julai yakigonga vioo na wingu limeufunika mlima wote. Hata magari ya miraa, ambayo hupita kama yanakimbizwa na nyuki, yalikuwa machache, kwa kuwa Somalia ilikuwa imezuia miraa yetu tangu Machi, na soko lile halikufunguliwa tena mpaka Julai 2022. Tulishuka kwenye daraja la Nithi polepole, pale ambapo watu wengi wamekufa, na dereva hakuwa na haraka ya kumshindania abiria yeyote. Tulisema moyoni, laiti safari zote zingekuwa hivi.

Baadaye tulisoma habari za watu wa nchi za mbali walioonja raha ya namna hiyo baharini. Mwezi wa Februari 2020 meli kubwa ya watalii iitwayo Diamond Princess ilizuiliwa bandarini Yokohama, Japani, ikiwa na watu wapatao 3,700, na zaidi ya 700 kati yao wakapatikana na ugonjwa. Mwezi uliofuata kampuni za meli hizo zikasimamisha safari zao duniani. Ilipofika tarehe 26 Juni 2021, meli iitwayo Celebrity Edge iling'oa nanga Fort Lauderdale, Marekani, ya kwanza kuondoka na watalii katika bandari ya nchi ile baada ya miezi 15. Abiria wake hawakufika hata nusu ya nafasi zilizokuwamo. Hebu fikirini jumba zima linaelea, wapishi wako tayari, vitanda vimetandikwa, na hakuna foleni mezani. Sisi hatujapanda meli ya watalii, wala posho ya kasisi haitufikishi huko. Lakini twaweza kuwaelewa watu wale. Raha yao tuliionja kati ya Runyenjes na Chuka.

Tulipokaribia Nkubu tukamwambia makanga, kwa kumtia moyo, kwamba gari lake siku hizi ni zuri, mtu anapumua. Alikuwa kijana mpole. Akageuka akavitazama vile viti vyenye msalaba, akasema, "Nyinyi mnaona nafasi, Pasta. Mimi naona watu sita ambao hawakuja." Ndipo akatueleza hesabu yake. Nauli ilikuwa imepandishwa, nasi abiria tulikuwa tumenung'unika, lakini nyongeza ile haikufidia. Mwenye gari anataka hesabu yake jioni, mafuta bei yake ni ile ile, na kwa sababu ya kafyu safari za siku zimepungua. Mwenzake waliyekuwa wakipokezana kazi alikuwa amerudi kijijini kulima. Tulifika Meru tukashuka, tukampa pole ndugu yetu, tukalia pamoja, tukarudi Embu siku ya pili. Neno la makanga tulilisahau.

Makanisa yakaanza kufunguliwa. Masharti ya Julai ile yalikuwa wazi: watu wasizidi 100 katika ibada moja, ibada isizidi saa moja, asiingie mtoto wa chini ya miaka 13 wala mtu aliyepita miaka 58. Hatusemi kwamba sheria ile ilikuwa mbaya. Ugonjwa ule uliwaua wazee kuliko vijana, na serikali ilitafuta kuwaokoa. Sisi na wazee wa kanisa tulinunua daftari, tukaandika majina 100, tukaweka vijana wawili langoni na kipima joto.

Jumapili ya kwanza alikuja mama mmoja mzee wa parishi yetu. Jina lake hatutalitaja, sisi tunamwita Cucu, kama tunavyowaita nyanya zetu huku Embu. Alikuwa na kitambaa chake cha Umoja wa Akina Mama, na Biblia imefungwa ndani ya leso. Kwa miaka mingi alikuwa akikaa benchi la tatu kushoto, karibu na dirisha. Kijana akamuuliza mwaka wa kuzaliwa. Akasema kitambulisho kinasema 1946. Wakamweleza kwa heshima, kwa maana ni watoto wazuri, ya kwamba hawezi kuingia. Sisi tulikuwa tukivaa kanzu, tukaona yote kupitia dirishani. Alisimama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akageuka kushika njia ya mlimani kuelekea kwenye mashamba ya chai. Tukasema, sheria ni sheria. Tukaingia kuongoza ibada.

Sasa tuungame jambo ambalo hatukupenda kuliungama. Ibada zile tulizifurahia. Saa moja, mahubiri ya dakika 15, matangazo mafupi. Hakuna mtoto anayelia, hakuna mzee anayesimama wakati wa salamu na kueleza habari za ng'ombe wake tangu asubuhi. Watu wameketi kwa nafasi, kila kitu kwa utaratibu. Hata mahubiri yetu tuliyaona yamekuwa bora, au ndivyo tulivyojiambia. Yule kasisi aliyenyoosha miguu ndani ya matatu alikuwa sasa amenyoosha miguu kanisani.

Kidogo kidogo mambo yakarudi. Tarehe 9 Agosti 2021 matatu ziliruhusiwa kujaza viti vyote. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo, siku ya Mashujaa, Rais aliondoa kafyu akiwa uwanjani Wang'uru, hapo tu Kirinyaga, majirani zetu. Mwezi wa Machi 2022 makanisa nayo yakaruhusiwa kujaa. Watoto walirudi na kelele zao. Wazee wengine walirudi. Benchi la tatu kushoto likapata watu wapya, mama kijana mwenye mapacha. Tulipokuwa tukiandika upya daftari la washirika kabla ya Pasaka, mweka hazina akasoma majina ya zamani moja moja, nasi tukiitikia: yupo, amehamia Nairobi, amelala katika Bwana, yupo. Akasoma jina la Cucu. Hakuna aliyejibu. Akasoma tena. Tulitazamana. Hakuna aliyejua kama yu hai.

Sasa tufungue lile somo. Ilikuwa sikukuu ya mwandamo wa mwezi. Mfalme Sauli aliketi mahali pake penye ukuta, Abneri akakaa kando yake, na mahali pa Daudi hapakuwa na mtu. Daudi alikuwa amejificha kondeni, kwa kuwa Sauli alitaka kumwua. Siku ile ya kwanza Sauli hakusema neno. Kwa nini? Tazameni mstari wa 26. Alikuwa na sababu tayari kichwani: alidhani Daudi amepatwa na jambo la unajisi, kwa hiyo sheria inamzuia kuja mezani. Mwenye sababu tayari haulizi. Nasi tulikuwa na sababu tayari, tena ya kweli, iliyotolewa na serikali. Miaka 58. Sababu ile ilitutosha hata ilipokwisha kuondolewa.

Lakini someni mstari wa 27. Siku ya pili, kiti kilipokuwa bado kitupu, Sauli alimwuliza Yonathani, mbona mwana wa Yese hakuja kula jana wala leo? Wapendwa, Sauli alikuwa adui. Alikuwa na mkuki nyumbani mwake kwa ajili ya kijana huyu. Naye aliuliza siku ya pili. Sisi tuliompenda Cucu, tuliombatiza wajukuu wake, tuliokula uji wake, tuliuliza baada ya miezi 20.

Na kuna Yonathani. Kabla ya karamu, mstari wa 18, alimwambia Daudi kwamba kukosekana kwake kutajulikana, kwa kuwa kiti chake kitaonekana hakina mtu. Yeye hakungoja kiti kiwe wazi ndipo amkumbuke mtu. Tukikumbuka neno hilo huwa tunamkumbuka na yule kijana wa matatu. Yeye naye aliwaona watu sita.

Tulipanda mlimani alasiri ile ile, sisi na mama wa nyumba na mweka hazina. Tulimkuta yu hai, ameketi nje juani akichagua maharagwe. Miguu ilikuwa imevimba, hakuweza tena ile njia ya mteremko. Tulikuwa tumeandaa maneno mengi ya kuomba radhi. Alitukaribisha, akaagiza chai, akatuuliza habari za watoto wetu kwa majina yao. Kisha tukamwomba msamaha. Tukamwambia tulimwona siku ile kupitia dirishani.

Akasema, "Nilijua mnaniona, Pasta."

Akaendelea kuchagua maharagwe. Baadaye akatuonyesha redio yake ndogo juu ya stuli. "Nimekuwa nikisali na hii. Ni nzuri. Haiulizi mtu alizaliwa mwaka gani." Tukacheka wote. Naye akaongeza, akiwa bado anacheka, "Lakini pia haiulizi kama nimekuja."

Tangu siku ile kila tunapoitwa kuzungumza katika studio hii tunamwona Cucu na stuli yake. Kwa maana wewe unayetusikiliza sasa, sisi hatukuoni. Kama umeketi peke yako, na kanisa lako liko ng'ambo ya bonde na kengele unaisikia, lakini hakuna aliyekuja, chombo hiki hakiwezi kubisha hodi kwako. Na wewe uliye na miguu mizima, unayemaliza kunywa chai yako sasa, unalijua jina ambalo halijasomwa kwenu siku nyingi.

Cucu alituuliza ni nani anayekaa mahali pake. Tukamweleza habari za yule mama na mapacha wake. Akasema, "Msiwaondoe. Mimi niwekeeni kiti karibu na mlango, nisiwakanyage watu nikichelewa." Siku hizi mjukuu wake humleta kwa bodaboda Jumapili ambazo mvua hainyeshi. Mvua ikinyesha kiti kile hukaa wazi, na ibada ikiisha mtu mmoja hupanda mlimani.

Tuombe. Ee Bwana, unayejua kuketi kwetu na kuondoka kwetu, twakuombea yeye anayesikiliza akiwa peke yake asubuhi hii. Mpelekee mtu kabla jua halijatua. Nasi tulioridhika na nafasi yetu, utusamehe, utuinue tuende. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.