Jiwe la Ilesi na Haki ya Wenyeji



Jiwe Linalolia la Ilesi, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, lilikuwapo kabla ya serikali zote. Wageni hulijia, je, wenyeji hupata nini?

Sheria haikutuacha mikono mitupu. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 humpa waziri uwezo wa kulinda mahali pa kihistoria. Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti utalii wa mashinani, na kifungu cha 10 chataka wananchi washirikishwe.

Basi tudai bajeti ya kulitunza ijadiliwe hadharani, na mapato yahesabiwe mbele ya wenyeji. Waliopigania vyama vingi, hata kifungu cha 2A kikafutwa mwaka 1991, walidai mwananchi asikizwe. Tusiliachie jiwe lilie peke yake.