Kibarua cha Usiku

 

Leo twaanza kwa kuungama. Katika mtaa mmoja wa Kitengela yuko kijana wa kanisa letu ambaye kwa muda wa karibu mwaka mzima tulimhesabu kuwa mvivu. Kila tulipopita kwao asubuhi, saa nne hata saa tano, tulimkuta amelala. Mama yake alikuwa amekwisha kuteka maji, amefungua kibanda chake cha mboga, na huyu mwenye cheti cha kidato cha nne yu kitandani! Basi siku moja katika ibada ya vijana tulihubiri juu ya yale Paulo aliyowaandikia Wathesalonike kuhusu mtu asiyetaka kufanya kazi, na tulipokuwa tukihubiri tulimtazama yeye. Kila mtu aliona tulikotazama.

Baada ya ibada mama yake alitufuata nyuma ya kanisa. Hakupandisha sauti. Alituuliza tu, "Pasta, unajua ni nani aliyelipa karo ya dada yake muhula huu?" Hatukuwa na jibu. Ndipo akatuambia kwamba mwanawe hulala mchana kwa sababu hufanya kazi usiku, na kwamba afadhali tuje tuione kazi hiyo kwa macho yetu kabla ya kuihubiri tena.

Tulikwenda. Ni chumba kimoja, meza ndogo, na kompyuta kuukuu iliyonunuliwa kwa mtu. Kijana alitueleza kwamba inapofika saa kumi na moja jioni hapa kwetu, huko New York katika miezi ya baridi ndiyo kwanza saa tatu asubuhi, watu wanaingia kazini, na kazi zinaanza kutoka. Usiku ule alikuwa akiletewa picha za barabara. Katika kila picha alichora mstari kuzunguka kila gari, kila mtu, kila mti, ili mashine ijifunze kutambua gari ni lipi na mtu ni yupi. Mstari ukipotoka kidogo, picha hurudishwa, na malipo yake hayapo. Tulikaa naye saa mbili, macho yakatuwasha. Yeye huendelea hivyo mpaka jogoo anawika. Tulimwomba msamaha pale pale, na Jumapili iliyofuata tulimwomba tena mbele ya vijana wenzake, kwa kuwa tulimkosea mbele yao.

Tangu siku ile wazazi wametujia mmoja mmoja na swali lile lile: je, mtu wa kawaida, asiye na mjomba serikalini wala shahada ya chuo kikuu, aweza kula kwa jasho lake kupitia intaneti, au vijana wetu wanaota ndoto?

Si ndoto, wapenzi. Serikali yenyewe ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 ili kuwafundisha vijana kazi za namna hii. Na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 juu ya mapato ya wale wanaotengeneza video na maandishi ya mtandaoni. Kaisari hatozi kodi ndoto. Madereva walioanza kuchukua abiria wa Uber Nairobi tangu mwaka 2015, baadhi yao wanalala hapa Kitengela na kuamkia barabara ya Namanga. Na wako akina mama wa Kajiado wanaouza shanga zao kwa wateja ambao hawatawaona kamwe, kwa picha ya simu na M-Pesa tu.

Lakini kula ni kula gani? Hapo ndipo yatupasa kusema kweli. Mwezi wa Januari mwaka 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza habari za wafanyakazi wa Nairobi walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya OpenAI, wenye ile ChatGPT. Walisoma maandishi machafu ya kutisha mchana kutwa ili mashine ifundishwe kuyakataa, na mkononi walipata chini ya dola 2 kwa saa. Mwezi wa Machi mwaka 2024 Remotasks, iliyokuwa imewapa Wakenya wengi kazi hizi za kuchora picha, ilifunga kazi zake humu nchini. Watu waliokuwa na kodi ya nyumba ya kulipa walifungua kompyuta wakakuta mlango umefungwa.

Kijana wetu naye yalimpata, mahali pengine. Asubuhi moja akaunti yake ilifungwa, na ndani yake mlikuwa na malipo ya majuma matatu. Aliandika kuuliza kosa lake. Alijibiwa kwa barua fupi ya kushukuru kwa subira yake. Akaandika tena, akapata barua ile ile, neno kwa neno. Tulipoisoma tulitambua kwamba hakuna mtu aliyeiandika.

Usiku huo tulifungua Mathayo sura ya 20, ule mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu. Tumeuhubiri mara nyingi, tena chuoni tuliuandikia insha ndefu juu ya neema, lakini jambo moja hatukuwahi kuliona. Mwenye shamba alitoka yeye mwenyewe, si mara moja bali mara tano, akawakuta watu sokoni, akasema nao. Wale wa kwanza walipatana naye ujira kabla ya kushika jembe. Jioni walilipwa. Na walipoona uchungu, walinung'unika mbele yake, naye akawajibu, kila mtu akiuona uso wa mwenzake. Kijana wetu amnung'unikie nani? Amesimama sokoni kama wale, ila soko lake ni chumba chenye taa moja, na mwenye shamba hana uso.

Torati iliagiza kwamba ujira wa maskini usilale na jua, na Yakobo katika waraka wake asema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele hata masikioni mwa Bwana. Hatuoni kwamba amri hiyo ilikoma kwa sababu mwajiri anakaa ng'ambo ya bahari.

Liko na jambo la pili, baya kuliko hilo. Mama mmoja huku ndani ya Kajiado, ambaye ukame wa mwaka 2022 ulimwachia mbuzi wachache tu, aliuza wawili ili binti yake alipe ada ya kuandikishwa kazi ya kuchapa maandishi nyumbani. Ada ilipokwisha kutumwa, namba ile ya simu haikupatikana tena. Tafadhali sikieni hili vizuri: kazi ya kweli humlipa mfanyakazi. Ikikutaka ulipe kwanza ili uajiriwe, au ulete marafiki kumi ndipo upate faida, hiyo si kazi. Kabla ya kutuma hata shilingi mia, mwonyesheni mtu mwingine ule ujumbe, mwalimu, jirani, hata sisi.

Wengine wametuuliza kama wauze ng'ombe wanunue kompyuta. Kwanza aazime. Ajaribu miezi mitatu kwa ya rafiki, aandike katika daftari amepata nini na bando na stima vimekula nini. Tumeona daftari za namna hiyo. Nyingine zinatia moyo. Nyingine zinaonyesha kwamba kijana angepata zaidi kwa kibarua cha mjengo, ingawa hakuna mjengo kila siku, na mgongo nao una siku zake.

Kijana wetu sasa amegawa juma lake. Siku nne hufanya kazi ya mtandao kwa kampuni mbili, ili moja ikifunga mlango asilale njaa, na siku zilizobaki ana kuku mia na hamsini nyuma ya kibanda cha mama yake. Baraza la parokia limekubali kufungua chumba cha vestri jioni tatu kwa juma, chenye stima na viti, na yeye huwafundisha wengine wanne. Watu wazima waliopinga walisema stima itaongezeka. Ni kweli, imeongezeka.

Yale malipo ya majuma matatu hayajaja mpaka leo. Kila mwisho wa mwezi yeye huandika kuyadai, nasi tumeanza kutia sahihi chini ya jina lake.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda. Kwaherini.