Deni la Asia: damu haikulipa hesabu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mukutano wa wafanya kazi na wenyeji wa muji)



Leo sitasema juu ya mushahara wala juu ya karatasi za kazi. Nataka kuwapa habari ya zamani sana, ya mwaka 88 mbele ya Kristo. Ndani yake muko ulizo ambalo watu waliotawaliwa hujiuliza kila wakati: mutu aliyeonewa miaka mingi, akishika kisu na kuua kila mutu wa kabila la bwana wake, je, amejikomboa? Miaka yote nitakayotaja ni ya mbele ya Kristo, nayo inahesabiwa kwa kushuka.

Inchi yenyewe iliitwa Asia. Si Asia yote tunayoiona katika karata, ni upande wa magaribi wa Uturuki ya leo. Miji yake munaijua, ninyi wasomaji wa Ufunuo: Efeso, Smirna, Pergamo. Mwaka 133 Attalus III, mufalme wa Pergamo, alikufa, na katika barua yake ya urizi aliwaachia Warumi ufalme wake. Wenyeji hawakuulizwa. Mutu anayeitwa Aristonicus alisimama kupiga vita, lakini Warumi wakamushinda, na Asia ikawa jimbo lao.

Sikilizeni sasa hesabu ya kwanza. Mwaka 123 Gaius Gracchus alitunga sheria kule Roma kwamba kodi ya Asia iuzwe kwa munada. Angalieni vizuri namna ya kazi hiyo. Kompani ya matajiri iliahidi kulipa leta ya Roma kitita cha feza. Kisha ikatuma watu wake Asia kukusanya sehemu moja ya kumi ya mavuno. Kilichopita kile kitita kilikuwa faida ya kompani. Mulimaji akikosa kulipa, alikopeshwa kwa faida kubwa. Akishindwa na deni, alipoteza shamba lake. Karibu na mwaka 104, mufalme wa Bithynia, inchi jirani, aliombwa askari na Roma. Akajibu kwamba watu wake wengi wamekwisha kupelekwa utumwani na watoza kodi.

Kulikuwa na Murumi mumoja mwenye haki, Publius Rutilius Rufus, aliyejaribu kuwazuia watu wa kompani. Mwaka 92 akashitakiwa kwamba yeye ndiye aliyewanyang'anya watu wa Asia! Waamuzi walikuwa wa tabaka moja na wenye kompani, wakamuhukumu. Alikwenda kukaa wapi? Kule kule Asia, kati ya watu walioambiwa kwamba amewaibia, nao wakamupokea kwa heshima. Ushuhuda gani unapita huo?

Basi, wandugu, deni la Roma kwa watu wa Asia lilikuwa la kweli. Hasira yao pia ilikuwa ya kweli. Mutu asiwadanganye juu ya hilo.

Hesabu ya pili. Kando ya Bahari Nyeusi kulikuwa na mufalme wa Ponto, Mithridates VI. Mwaka 89 wakubwa wa Roma walimusukuma mufalme wa Bithynia amuchokoze. Mithridates akashinda majeshi yao, akaingia Asia, na miji mingi ikamushangilia kama mukombozi. Kisha, mwaka 88, akaandika barua za siri kwa wakubwa wa miji. Siku ya 30 ikitimia, waue Warumi na Waitalia wote walio kati yao, wanaume, wanawake na watoto, na maiti zitupwe bila kuzikwa. Mali yao igawanywe na mufalme. Mutumwa akimuua bwana wake, apate uhuru. Mwenye deni akimuua aliyemukopesha, nusu ya deni ifutwe. Atakayemuficha mutu au kuzika maiti, apate azabu.

Siku ikafika. Kule Efeso watu walikimbilia hekalu la Artemi, wakakumbatia sanamu. Wakang'olewa pale na kuuawa. Kule Pergamo walipigwa mishale ndani ya hekalu. Kule Adramyttium waliingia baharini na watoto wao, wakafuatwa ndani ya maji. Watu wa Tralles hawakutaka kuchafua mikono yao wenyewe, wakamukodi mutu mumoja, Theophilus, awafanyie kazi hiyo. Waandishi wa zamani wanasema walikufa 80,000, na mwingine anasema 150,000. Wenye elimu wengi wa leo wanaona hesabu hizo zimepita kiasi, lakini hakuna anayekana kwamba waliokufa walikuwa maelfu.

Nani walikufa? Wenye kompani wakubwa walikaa Roma, mbali na visu. Waliokufa ni makarani, wachuuzi, watumwa waliokombolewa, wamama na watoto wachanga.

Tena si kila mutu alitii. Watu wa kisiwa cha Kosi waliwaficha Warumi ndani ya hekalu lao. Watu wa Rodo walipokea wakimbizi, wakazingirwa na merikebu za mufalme, wala hawakuwatoa. Katika muji wa Nysa tajiri mumoja, Chaeremon, aliwasaidia Warumi kukimbia. Mufalme akaweka bei juu yake: talanta 40 akiletwa muzima, talanta 20 kikiletwa kichwa chake. Barua hiyo ilichorwa juu ya jiwe, na maneno yake tunayo hata leo. Kwa hiyo asiseme mutu kwamba hakukuwa na njia nyingine.

Sasa hesabu ya tatu, ndiyo iliyonileta mbele yenu. Sulla, jemadari wa Roma, alishinda majeshi ya Mithridates, na mwaka 85 wakafanya mapatano. Mufalme aliyeandika barua alilipa talanta 2,000, akatoa merikebu 70, akarudi Ponto kukaa juu ya kiti chake. Na watu wa Asia? Walitozwa talanta 20,000. Talanta moja ni drakma 6,000, na drakma moja ilikuwa karibu na malipo ya siku moja ya fundi. Pigeni hesabu wenyewe: ni siku 120,000,000 za jasho. Tena askari wa Roma walilazwa katika nyumba zao, na mwenye nyumba alimupa kila askari drakma 16 kwa siku, pamoja na chakula. Watumwa waliopewa uhuru na Mithridates waliamriwa kurudi kwa mabwana wao.

Feza ile wakaikopa wapi? Kwa Warumi wale wale. Kufika mwaka 70 walikuwa wamekwisha kulipa mara mbili, na deni bado likasimama kwenye talanta 120,000. Wababa waliuza watoto wao. Tembo wakipigana, majani ndiyo yanaumia.

Kilichovunja deni hilo kilikuwa kalamu. Lucullus, liwali wa Roma, aliweka sheria: faida isipite moja kwa mia kwa mwezi, faida iliyopita feza ya kwanza ifutwe, na mwenye kudai asichukue zaidi ya robo ya mapato ya mwenye deni. Kwa muda usiofika miaka minne madeni yakaisha, na mashamba yakarudi kwa wenyewe. Sheria hiyo ndiyo ambayo watu wa Asia walistahili kupewa tangu mwanzo, mbele ya tone moja la damu.

Wandugu, mudai haki yenu kwa hesabu iliyo wazi, na jina la kila anayewadai mulijue. Lakini mukubwa akiwaletea barua yenye siku ya kumuua jirani pamoja na mutoto wake, mumuulize ulizo moja tu: kesho yake, nani atalipa?